Nimepata chuo cha filamu California: nifuate somo au nifuate mwalimu?

#1 MwanaTanga
Habari zenu wakuu. Mwezi wa nane naanza mwaka wa kwanza wa shahada ya filamu, California. Dirisha la kujiandikisha masomo linafunguliwa wiki ijayo na nimekwama. Nyumbani tulizoea ratiba inabandikwa ukutani, unakwenda unakoelekezwa. Huku unajichagulia kila kitu: somo, saa, mpaka mwalimu.

Kozi ya kwanza ya utengenezaji wa filamu ni ya lazima, ila ina walimu wawili, kila mmoja na darasa lake. Wa kwanza ana jina, kaongoza tamthilia za televisheni ambazo hata mama yangu kaziangalia. Wa pili ni mhariri wa filamu, mama mtu mzima, hajulikani nje ya fani. Kule mtandaoni wanafunzi wanakowapa walimu nyota, wanamlalamikia kuwa anabana alama na anakurudishia kazi mpaka unachoka. Mbali na hiyo kuna historia ya sinema, uandishi wa skripti (umejaa, nipo kwenye orodha ya kusubiri) na nafasi moja ya somo la nje ya kitivo.

Mtu mgeni kabisa anachaguaje? Natanguliza shukrani.

#2 Kifaru_Mweusi
Hongera mdogo wangu. Chukua mwenye jina. Kazi hizi ni kujuana, iwe Sinza iwe Hollywood. Ukimaliza chuo anapiga simu moja tu, kesho yake upo seti. Huyo mama wa kubana alama atampigia nani?

#3 Bumu_Juu
Kifaru umekurupuka. Mimi narekodi sauti Dar, diploma yangu niliisoma chini ya dairekta mwenye jina kubwa kuliko chuo chenyewe. Kila akipata kazi anaaga. Darasa likabaki kwa msaidizi wake, kijana mzuri lakini naye alikuwa anajifunza palepale tulipokuwa tunajifunza sisi. Tulipomaliza, dairekta hakujua jina la mtu hata mmoja. Sasa simu atapiga kwa ajili ya nani?

MwanaTanga, muulize huyo mwenye jina swali moja tu: wiki ngapi za muhula utakuwepo darasani wewe mwenyewe?

#4 NairobiKati
Salamu kutoka Nairobi. Bumu_Juu nakubaliana nawe kuhusu walimu wa kuaga, lakini mimi naona mnaangalia mbele ya darasa tu. Tazameni pembeni. Katika fani hii mtu hubaki na wale aliosoma nao.

Mfano upo palepale California anakokwenda dada yetu. UCLA, Chuo Kikuu cha California pale Los Angeles, miaka ya 1970, kulikuwa na kundi la wanafunzi weusi: Charles Burnett, Haile Gerima wa Ethiopia, Julie Dash, Larry Clark, Billy Woodberry na wengine. Walishikiana kamera na walishikiana taa. Gerima alipotengeneza Bush Mama, aliyepiga picha ni Burnett. Woodberry alipotengeneza Bless Their Little Hearts, skripti ni ya Burnett na kamera ameshika Burnett huyohuyo. Leo vitabu vinawaita L.A. Rebellion, lakini wakati ule walikuwa wanafunzi wasio na hela, kila mmoja akiibeba filamu ya mwenzake.

Kwa hiyo chagua darasa lenye watu wenye njaa ya kazi. Mwalimu baadaye.

#5 Msomaji_wa_Usiku
NairobiKati, nyongeza mbili. Bush Mama Burnett hakupiga peke yake, alikuwa na Roderick Young.

Pili, hao hawakukutana stendi ya basi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi walikibana chuo kiwafungulie mlango watu weusi, Walatino, Waasia na Wenyeji wa Marekani, ndipo ikaja programu ya Ethno-Communications, na aliyeisimamia alikuwa mwalimu, Elyseo Taylor. Baadaye akawepo Teshome Gabriel, Mwethiopia, aliyewafundisha kusoma sinema za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wakati vyuo vingine vilikuwa havina habari nazo. Burnett naye husimulia alivyoguswa na darasa la Basil Wright, Mwingereza wa filamu za hali halisi. Toa walimu hao, kundi linabaki na nini?

#6 NairobiKati
Linabaki na Burnett na Gerima, mzee.

#7 Mzee_wa_Reli
Wanangu, mnabishania jambo ambalo kwingine limeshaamuliwa. Nilisoma uhandisi Moscow miaka ya 1980, na bwenini nilikuwa na rafiki wa chuo cha sinema, VGIK, kile kilichoanzishwa 1919. Pale mwanafunzi hachagui masomo kama anayepanga vyombo dukani. Unaingia katika warsha ya bwana mmoja. Bwana huyo ndiye anayekusaili, ndiye anayekupokea, na unakuwa wake mpaka unahitimu. Ukiuliza mtu kasoma wapi hakutajii chuo kwanza, anakutajia bwana wake. Abderrahmane Sissako wa Mauritania alipita chuo hichohicho miaka ile. Kabla yake, 1961, Ousmane Sembène alikwenda Moscow akiwa mtu mzima, mwandishi mwenye vitabu tayari, akakaa chini ya Mark Donskoy katika studio ya Gorky. Sembène hakwenda kutafuta jina, jina alikuwa nalo. Alitaka mtu wa kumwonyesha kazi.

Binti, mfuate mwalimu anayekurudishia kazi yako. Huyo anaisoma.

#8 Kifaru_Mweusi
Shikamoo mzee. Ila huko kwa bwana mmoja, mkigombana naye mwaka wa pili unakwenda wapi?

#9 Mzee_wa_Reli
Marahaba. Unakwenda kuomba radhi.

#10 Kifaru_Mweusi
Hahaha, mzee hapo umenimaliza. Basi kuna njia rahisi. MwanaTanga, jiandikishe kwa wote wawili, masomo mengine chukua hata ya mtandaoni, ukiona pagumu unaacha katikati ya muhula. Marekani hakuna viboko.

#11 Dada_wa_Houston
Hapana hapana, Kifaru utamponza mtoto wa watu. Nimefanya kazi na wanafunzi wa kigeni huku kwa muda mrefu, naomba hili lisomwe vizuri.

Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, anayesoma shahada ya kwanza lazima awe na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zisizopungua 12 kila muhula. Kati ya hizo, darasa linalohesabiwa la mtandaoni ni moja tu, lisilozidi krediti 3. Ukiacha somo ukashuka chini ya 12 bila ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kukuidhinisha KABLA, umeharibu hadhi yako ya viza. Kuomba msamaha baada ya kuacha ni kesi nyingine, ngumu.

Wiki za mwanzo kuna kipindi cha kuongeza na kupunguza masomo. Hapo kubadilisha ni ruksa, mradi jumla isishuke. Kwa hiyo anza na krediti 15 au 16 upate pa kupumulia. Na seti za watu nje ya chuo, hata wakisema ni kujitolea, uliza ofisi hiyo kwanza. Kazi za ndani ya chuo unaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea.

#12 MwanaTanga
Dada asante sana, hili la somo la mtandaoni sikulijua kabisa. Nilishaweka mawili kwenye kikapu. Naondoa moja sasa hivi.

#13 Skripti_ya_Pili
Mimi naandika tamthilia. Kuhusu orodha ya kusubiri: usikae nyumbani kungoja. Siku ya kwanza nenda ukae darasani kama umeshaandikishwa. Mwandikie mwalimu mistari mitatu: wewe nani, nafasi ya ngapi kwenye orodha, utakuwepo Jumanne. Usimwandikie historia ya maisha yako. Wiki ya kwanza watu hupukutika na mwalimu humkumbuka aliyekuja.

Pia omba silabasi ya kila darasa kabla ya kuamua. Maelezo ya kwenye katalogi ya chuo huandikwa na ofisi, silabasi huandikwa na mwalimu. Humo tafuta vitu hivi: kila mwanafunzi anaongoza mazoezi mangapi mwenyewe, au mmoja anaongoza na wengine mnabeba nyaya? Kazi inaangaliwa darasani mbele ya wote au anaitazama mwalimu peke yake? Na kuna wiki ngapi za wageni waalikwa? Silabasi iliyojaa wageni ni ya mwalimu mwenye safari.

Na jingine linalosahaulika: filamu utakayotengeneza ni ya nani? USC, chuo kingine cha Los Angeles, kwa mfano, inashikilia hakimiliki ya filamu zinazotengenezwa katika kozi zake. NYU ya New York inamwachia mwanafunzi. Soma ya chuo chako kabla hujampa darasa hadithi ya bibi yako.

#14 Kifaru_Mweusi
Chuo kimiliki filamu yangu na ada nimelipa mimi?

#15 Skripti_ya_Pili
Ada umelipia mafunzo. Kamera, taa, bima na chumba cha kuhariria ni vyao, na wanakuambia mapema. Kuna wanaoona ni haki na kuna waliohama kwa ajili hiyo. Mimi hadithi yangu nzito ningeiweka kabatini, ile ya mazoezi ndiyo ningewapa.

#16 Bumu_Juu
Mnazungumza dairekta, skripti, dairekta, skripti. Mbona hakuna aliyetaja sauti?

Mdogo wangu, ile nafasi yoyote utakayopata mapema, chukua sauti. Madarasa ya uongozaji yana foleni, ya sauti mara nyingi yana viti. Na filamu za wanafunzi hufia hapo. Picha ikiwa na giza kidogo mtazamaji atasema ni mtindo. Maneno yasiposikika anafunga.

Nakupa kitu kimoja ambacho hukikuti kwenye kitabu. Mnarekodi ndani ya nyumba ya mtu, jikoni friji linanguruma, sikio la kawaida halilisikii ila kipaza sauti kinalisikia lote. Unalizima. Sasa chukua funguo zako, za gari au za nyumba, weka NDANI ya friji. Kazi ikiisha huwezi kuondoka bila kulifungua, na hapo unakumbuka kuliwasha. Usipofanya hivyo mwenye nyumba anaamka asubuhi, samaki wameharibika, na lokesheni hiyo umeipoteza maisha. Kisha kabla hamjafungasha, waambie watu wote wanyamaze, rekodi ukimya wa chumba kile nusu dakika hadi dakika nzima. Kila chumba kina ukimya wake. Mhariri akikata maneno, anaziba pengo kwa ukimya huo. Aliyenifundisha haya hakuwa profesa, alikuwa fundi, alikuja kufundisha wiki mbili tu.

#17 NairobiKati
Bumu_Juu hiyo ya funguo nakazia, hata huku tunaifanya. Mimi wa kamera nashuhudia.

#18 Mzee_wa_Reli
Wiki mbili, na hujamsahau. Mnaona sasa kwamba ni mwalimu.

#19 Bumu_Juu
Mzee, ni somo. Angefundisha uongozaji nisingekumbuka neno.

#20 Mpemba_Toronto
Assalaam aleikum. Naona mmeipita ile nafasi ya somo la nje ya kitivo, na mimi ndiyo ningeanza nayo. Filamu inakupa namna ya kusema, cha kusema unakitoa kwingine. Wanuri Kahiu kabla ya kusoma filamu UCLA alikuwa na shahada ya sayansi ya menejimenti kutoka Warwick, Uingereza. Amil Shivji, aliyesoma York hapa Toronto, filamu yake ya Vuta N'Kuvute ya 2021 imetoka katika riwaya ya Adam Shafi. Mtu asiyesoma riwaya angeiona wapi hadithi ya Yasmin?

Chukua historia ya Afrika, fasihi, hata uchumi. Usichukue tena somo la filamu lililovaa jina jingine.

#21 Skripti_ya_Pili
Waaleikum salaam. Naongeza: kama kuna somo la sheria ya hakimiliki kwa wasanii, hilo. Maana Burnett aliyetajwa juu, filamu yake ya kuhitimu, Killer of Sheep, aliiwasilisha 1977. Mwaka 1990 ikaingizwa katika hazina ya filamu za taifa ya Marekani. Pamoja na heshima yote hiyo, haikutoka rasmi kwenye majumba ya sinema mpaka 2007. Kilichoizuia ni haki za nyimbo alizotumia. Alipokuwa mwanafunzi hakuwa na sababu ya kuwaza habari hizo, ilikuwa kazi ya chuo. Miaka 30.

#22 Kifaru_Mweusi
Miaka 30 kwa ajili ya nyimbo? Kwa hiyo mtoto akitia taarabu ya zamani kwenye filamu yake ya darasani...

#23 Skripti_ya_Pili
Akiionyesha darasani ikaishia pale, hakuna atakayemsumbua. Akitaka kuipeleka tamasha, ZIFF au kwingine, ataulizwa kibali: cha aliyetunga na cha mwenye rekodi. Taarabu za zamani kumpata mrithi mmoja wa kusaini ni safari ya Tanga, Mombasa na Unguja. Bora atafute mpiga udi, amrekodi upya, wasainiane siku hiyohiyo. Lakini hata hapo, kama utunzi una mwenyewe, kibali cha mtunzi kinabaki palepale.

#24 Mpemba_Toronto
Mpiga udi Los Angeles hakosekani, Waarabu na Waarmenia wamejaa huko. Ila atampigia kwa mtindo wa kwao. Afadhali arekodi akija likizo Zanzibar.

#25 Kibosho_Original
Jamani tumetoka nje ya mada, tunapiga udi. Mimi nina swali pia, nimemaliza kidato cha sita, je Bagamoyo wanatoa filamu au ngoma tu?

#26 Bumu_Juu
Kibosho, TaSUBa, hicho chuo cha sanaa cha Bagamoyo, siyo ngoma tu, wana muziki, maigizo, sanaa za ufundi, na wanafundisha pia mambo ya utengenezaji wa picha na sauti. Fungua uzi wako tuje huko, utapata wengi waliopita pale. Angalia na MultiChoice Talent Factory kama bado wanachukua wanafunzi, chuo chao cha Afrika Mashariki kilikuwa Nairobi, mwaka mmoja, na walichukua kwa ushindani.

#27 MwanaTanga
Wakuu nimerudi. Nimewaandikia walimu wote wawili kama mlivyonielekeza. Mwenye jina amejibu vizuri sana, kwa mistari miwili: muhula huu ana kazi, atakuwepo nusu, nusu nyingine wageni. Yule mama amenitumia silabasi nzima. Mazoezi matano mafupi, kila mtu anaongoza yote matano, la kwanza halina sauti kabisa, na kila kazi inaangaliwa mbele ya darasa huku mwenye kazi haruhusiwi kujieleza mpaka wengine wamalize kusema walichokiona. Mwishoni ameandika kwamba kazi inayorudi mara ya pili ndiyo anayoipa alama.

Moyo wangu uko kwa huyu mama. Shida ni kwamba ufadhili wangu unataka GPA, yaani wastani wa alama, isishuke chini ya 3.0, na mtandaoni wanasema A kwake ni adimu. Nikianguka muhula wa kwanza, baba hana uwezo wa kunizibia hilo pengo.

#28 Kifaru_Mweusi
Sasa hapo ndipo penyewe. Mngesema mapema. Ufadhili kwanza, sanaa baadaye. Chukua mwenye jina, pata A yako, huyo mama atakuwepo mwakani.

#29 NairobiKati
Hapa nasimama na Kifaru kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze. Mtu aliyerudishwa nyumbani hana filamu.

#30 Msomaji_wa_Usiku
Polepole. "A ni adimu" haina maana 3.0 ni adimu. 3.0 ni B. Muulize mama mwenyewe wastani wa darasa lake la mwaka jana.

Kuhusu hizo nyota za mtandaoni: wanaoandika ni waliokasirika na waliopenda, wa katikati hawana muda. Hadi 2018 Rate My Professors, tovuti ya kuwapa walimu nyota, ilikuwa na alama ya pilipili ya kuonyesha mwalimu ana mvuto wa sura! Huo ndio uzito wa kipimo chenyewe. Na kuna jaribio la Chuo Kikuu cha North Carolina State, lililochapishwa 2015: kozi ya mtandaoni ambapo wakufunzi walibadilishana majina, wa kike akajitambulisha kama wa kiume na kinyume chake. Waliodhaniwa ni wanaume walipewa alama za juu, hata katika jambo la kupimika kama kurudisha kazi kwa wakati. Darasa lenyewe lilikuwa dogo, lakini soma tena hayo maoni ya huyo mama ukijua hilo. Mwanaume anayerudisha kazi mara mbili angeitwa makini.

#31 Dada_wa_Houston
Nakazia. Na kuna utaratibu wa kusoma kwa "umefaulu au hujafaulu" bila herufi, ambao hauingii kwenye GPA. Lakini kozi za lazima za kitivo mara nyingi haziruhusiwi, na wafadhili wengine hawaukubali. Barua yako ya ufadhili inasemaje? Wengine wanapima kila muhula, wengine mwisho wa mwaka. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwako.

#32 MwanaTanga
Nimeisoma tena: mwisho wa mwaka, mihula miwili kwa pamoja. Kidogo nimepumua.

#33 Mzee_wa_Reli
Basi nenda kwa mama.

#34 Kifaru_Mweusi
Mzee una haraka. Muhula wa pili ukiwa na fizikia ya lensi je?

#35 MwanaTanga
Mambo yamebadilika tena. Barua pepe imeingia usiku huu, nafasi ya uandishi wa skripti imefunguka. Lakini ni Jumanne na Alhamisi asubuhi, saa zilezile za darasa la yule mama. Na mwenye jina anafundisha jioni.

#36 Bumu_Juu
Uandishi uache hadi muhula wa pili. Skripti unaweza kuandika chumbani kwako, mazoezi matano ya kuongoza huwezi.

#37 Skripti_ya_Pili
Siafiki. Ataongoza nini kama hajui kuandika tukio la kurasa mbili? Mazoezi yote matano yatakuwa mtu anatembea kwenye ukumbi. Mwulize mshauri wa masomo kama uandishi ni sharti la kozi za mwaka wa pili. Kama ndivyo, ukiukosa sasa unaweza kuchelewa mwaka.

#38 NairobiKati
Na uulize hilo darasa la uandishi wameingia akina nani.

#39 Dada_wa_Houston
MwanaTanga, kabla ya yote: soma hiyo barua pepe mpaka chini kabisa. Nafasi za orodha ya kusubiri mara nyingi zina muda wa kujibu, muda huo ukipita zinakwenda kwa mwingine bila kukuuliza, na saa zilizoandikwa humo ni za California, siyo za Tanga. Mpigie mshauri wa masomo leo wakifungua ofisi, muulize hilo la Skripti_ya_Pili na kama darasa la yule mama lina kundi la pili siku nyingine. Ukishapata jibu lete hapa.